Miguu ya Mama Mwenye Nyumba

Katika nyumba tuliyopanga Temeke nilipokuwa mdogo, mama mwenye nyumba alijulikana kwa miguu kabla ya kujulikana kwa sura. Vyumba vilikuwa sita, vinatazamana kwenye ukumbi mmoja mrefu, na kila mlango ulikuwa na pazia lililoishia shibiri mbili juu ya sakafu, hivyo mtoto aliyelala mkekani aliweza kuziona ndala zake zikipita na kujua, kwa jinsi zilivyoburuzwa, kama amekuja kudai kodi au amekuja kusalimia tu.

Ndiyo maana, siku nilipotazama Tom na Jerry kwa mara ya kwanza katika kibanda umiza kilichokuwa nyuma ya soko, sikushangaa hata kidogo kumwona mwanamke mweusi, mnene, aliyeonyeshwa kuanzia kiunoni kwenda chini, amevaa soksi na viatu vya ndani, ufagio mkononi, akimkemea paka kwa sauti iliyojaa chumba kizima. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo katuni zilitufikia kwa kanda za video zilizokwisha kunakiliwa mara nyingi kiasi kwamba rangi zilikuwa zimeanza kuchuja. Kiingereza hatukukijua. Tulichokijua ni kwamba mwanamke yule ndiye anayeamua nani atalala ndani na nani atalala nje, na kwa watoto wa nyumba ya kupanga hakuna maana nyingine ya neno mamlaka. Tukampa jina la Mama Mwenye Nyumba, na tulipocheza katuni uani, kila msichana aliitaka nafasi yake.

Aliyetusahihisha ni Mama Mdogo, mdogo wake mama, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi za ndani kwa familia ya wageni huko Oysterbay na kurudi nyumbani kila Jumapili. Kitu cha kwanza alichofanya akifika ni kuomba beseni la maji ya moto yenye chumvi, akatumbukiza miguu, akanyamaza kwa muda. Jumapili moja alikuja na kanda aliyopewa na watoto wa mwajiri wake, nasi tukaipeleka kwa jirani mwenye deki. Mama Mdogo naye akaja, akakaa nyuma yetu, na mimi nikaanza kumtambulisha wahusika kana kwamba ni ndugu zangu: huyu ndiye paka, huyu ndiye panya, na yule pale ndiye mama mwenye nyumba.

"Nani kakwambia huyo ni mwenye nyumba?" akauliza.

"Si anamfukuza paka, Mama Mdogo?"

"Paka hata mimi namfukuza. Msikilize anavyolilia vyombo. Mwenye nyumba kikombe kikivunjika ananunua kingine. Anayepiga kelele ni yule atakayeulizwa."

Nilibisha, kwa sababu nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimezitazama katuni hizo kuliko yeye. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini, pamoja na kusoma mengi juu ya historia ya vibonzo vya Marekani, kufahamu kwamba alikuwa ametatua kwa sentensi mbili jambo ambalo wapenzi wa filamu hizo hawajaacha kubishania. Filamu zenyewe hazisemi waziwazi kama nyumba ni yake au ni ya watu. Zinamwonyesha akifagia, akipika, akiagiza, mara nyingine akipanda kulala ghorofani kama mtu aliye kwake, na mtazamaji anaachwa achague. Mtu aliyewahi kuajiriwa jikoni hachagui, anasikia hofu ya kikombe.

Filamu ya kwanza kabisa ya paka yule na panya yule ilitoka Februari 1940, ikitengenezwa na William Hanna na Joseph Barbera katika studio ya MGM, na paka alikuwa bado anaitwa Jasper. Kisa chake chote kinasimama juu ya amri ya mwanamke yule: paka akivunja kitu kimoja zaidi, atatolewa nje. Panya akaisikia amri hiyo, akaanza kuangusha vyombo makusudi. Ni hila safi, ya kisungura kabisa, na ndiyo iliyozaa filamu 114 za watu hao wawili hadi mwaka 1958, saba kati yake zikapata tuzo ya Oscar. Lakini mwezi uleule wa Februari 1940, tarehe 29, Hattie McDaniel alipokea Oscar kwa kuigiza mtumishi mweusi katika filamu kubwa kuliko zote za wakati huo, akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata, na usiku huo alikalishwa kwenye meza ya peke yake, mbali na waigizaji wenzake weupe. Mtumishi yule na mwanamke wa katuni walitoka tumbo moja: sanamu ya "Mammy", mwanamke mweusi mnene, mkali kwa midomo na mwaminifu kwa mabwana, ambayo Marekani ya kusini iliiunda ili kujisahaulisha utumwa ulikuwa nini.

Sauti ya mwanamke wa katuni ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi aliyejulikana pia kwa vipindi vya redio. Jina lake halikuandikwa mwanzoni mwa filamu, kama ilivyokuwa kawaida kwa waliotoa sauti. Kwa miaka kumi na miwili dunia ilimcheka, ikamwogopa na kumwiga mwanamke ambaye uso wake karibu haukuchorwa kamwe na ambaye aliyempa uhai hakutajwa. Mimi mwenyewe nilipolisoma jina lake kwa mara ya kwanza nilikuwa na watoto wawili.

Naomba niseme hapa kwamba sikuacha kuzipenda filamu hizo, na sitajifanya kuwa niliacha. Kuna ile ya mwaka 1946 ambayo Tom anasimama chini ya dirisha la paka jike, anapiga zeze kubwa la besi na kuimba wimbo wa Louis Jordan, mwanamuziki mweusi aliyekuwa akitamba sana wakati huo. Nikiitazama leo naona kwamba masikio ya studio yaliupenda weusi kuliko macho yake yalivyoupenda: muziki uliingia kwa mlango wa mbele ukiwa kamili, huku mwili ukiingia kwa mlango wa jikoni, nusu.

Malalamiko hayakukosekana. NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani weusi, kilikuwa kikipinga taswira za namna hiyo katika filamu za Hollywood, na baada ya mwaka 1952 mwanamke yule hakuonekana tena katika filamu mpya. Kilichofuata ndicho kilichonifundisha zaidi. Katika miaka ya 1960, filamu zilipotakiwa kuonyeshwa kwenye televisheni za Marekani, kikundi cha mchoraji Chuck Jones kilipewa kazi ya kuzirekebisha: katika baadhi yake miguu myeusi ikafutwa, ikachorwa miguu ya mwanamke mweupe, na sauti ya Randolph ikaondolewa ikawekwa ya June Foray akiongea kwa lafudhi ya Kiirishi. Miaka ya 1990 wamiliki wapya wakamrudisha mwanamke mweusi, lakini maneno yake yakasemwa upya na mwigizaji mwingine mweusi, Thea Vidale, bila ile lafudhi ya zamani. Kwa hiyo kuna mtoto aliyekua akimjua kama mweusi, kuna aliyekua akimjua kama mzungu, na wote wanaamini wanazungumzia filamu moja. Nadhani waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na aibu, na aibu ikishika kalamu hutafuta mahali pa kufuta, haitafuti mahali pa kuchora uso.

Hata hivyo, kwa muda mrefu lilinisumbua swali ambalo lilitoka nyumbani kwetu wala si Hollywood. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa Mzaramo na msimuliaji hodari wa hadithi, na kila alipofika kwa Fisi alimpa lafudhi ya Kinyamwezi. Fisi mlafi, Fisi mjinga, Fisi anayedanganywa na Sungura mpaka anajifunga kamba mwenyewe, wote walizungumza kama watu wa Tabora. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Je, bibi naye alikuwa na kosa lilelile la wachoraji wa MGM, la kuchukua watu fulani, kuwapunguza mpaka wabaki tabia moja, kisha kuwavisha ngozi ya mnyama ili asiwepo wa kulaumiwa?

Jibu lilikuwa limekaa kibarazani siku zote. Jirani yetu, fundi baiskeli, alikuwa Mnyamwezi, na kwa hiyo alikuwa mtani wetu. Jioni nyingi alimsikiliza bibi hadi mwisho, akatikisa kichwa, kisha akaomba zamu yake. Katika hadithi zake Fisi alikuwa Mzaramo safi, mwenye msuli, anayezunguka mji mzima akiulizia msiba uko wapi apate kula ubwabwa. Bibi alikuwa akimtupia kanga. "Mume wangu," ananigeukia mimi, maana ndivyo alivyoniita, "mtoe huyu mtu kibarazani kwangu," na kesho yake anamwita mwenyewe. Siku bibi alipofariki, fundi yule ndiye aliyetangulia kufanya vituko makaburini, kama mtani anavyotakiwa, na ndiye niliyemwona akilia peke yake nyuma ya mwembe watu walipotawanyika.

Utani una pande mbili, na kila anayeuma anajua ataumwa. Katika studio za Marekani za miaka ya 1940 vicheko vilitoka upande mmoja tu: waliochora, waliotunga na waliotoa pesa walikuwa weupe, na watu weusi waliokuwa wakichekwa hawakuwa na zamu ya kusimulia. Kwa Disney, Floyd Norman, aliyekuwa mchoraji mweusi wa kwanza wa vibonzo kuajiriwa pale kwa kudumu, aliingia mwaka 1956, miaka minne baada ya mwanamke wa Tom na Jerry kuondolewa. Siku hizi nikiulizwa kama katuni fulani ni ya ubaguzi, sianzi na jinsi mhusika alivyochorwa. Nauliza fundi baiskeli alikuwa wapi.

Kipimo hicho kinanisaidia hata pale ambapo majibu hayanyooki, kama kwa Speedy Gonzales, panya wa Mexico mwenye kofia pana, wa studio ya Warner. Mwaka 1999 Cartoon Network ya Marekani iliacha kumwonyesha kwa kuhofia kwamba anawadhalilisha Wamexico, hasa kwa sababu panya wenzake walichorwa wavivu na walevi. Waliodai arudishwe walikuwa mashabiki, wakiwemo wengi wenye asili ya Amerika ya Kilatini, pamoja na chama chao cha LULAC, na mwaka 2002 akarudi. Walimwona mjanja anayemshinda paka wa kigeni kila mara, nao wakaamua kwamba huyo ni wao. Sisi pia, uani Temeke, tulikuwa tumemfanya mtumishi kuwa mwenye nyumba. Mtazamaji ana uwezo huo, japo si kila mhusika anampa nafasi ya kuutumia.

Mwaka 2016 nilikuwa nikijitolea Jumamosi katika shule moja ya msingi pembezoni mwa jiji, nikiwaonyesha watoto filamu fupi kwa projekta niliyoazima, shuka jeupe likiwa limetundikwa ukutani. Nilichukua mkusanyo wa katuni za zamani kutoka kwenye flashi yangu bila kuuchambua, kwa kuwa nilikuwa nimeziona zote tangu utotoni. Katika mojawapo kulikuwa na ule mzaha uliorudiwa katika filamu nyingi za zama zile: kitu kinalipuka, moshi unatawanyika, na mnyama anabaki na uso mweusi tii, midomo mikubwa ya rangi nyepesi, nywele zimefungwa vifundo vilivyosimama. Ni mzaha uliotokana na waigizaji weupe wa karne ya 19 waliojipaka masizi usoni wakapanda jukwaani kuwaiga weusi. Haudumu hata sekunde tatu. Watoto walicheka, kisha vichwa vyao, karibu vyote kwa pamoja, vikageuka kumtazama msichana mmoja wa darasa la nne aliyekuwa mweusi kuliko wenzake.

Shule nzima haikuwa na mtoto mzungu hata mmoja, na hakuna mwalimu aliyewaeleza historia ya masizi. Picha ilijieleza yenyewe, ikavuka bahari na miaka sabini, ikamkuta mtu wake mstari wa tatu, amekaa sakafuni, amekumbatia magoti. Yule msichana alicheka pia, sekunde moja baada ya wenzake, na kicheko hicho ndicho kilichoniamsha usiku. Jumatano mwalimu wa darasa aliniita akaniambia kwamba watoto wamempachika jina la paka na amegoma kuja shuleni.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake aliuza vitumbua mbele ya nyumba, na alinisikiliza bila kuacha kuvigeuza kimoja kimoja kwa kijiti.

"Kwani mwalimu wewe hukuiona kwanza?" akaniuliza.

"Nimeiona mara nyingi, mama, tangu niko mdogo."

"Basi bado hujaiona," akasema, akanifungia vitumbua vinne kwenye gazeti, akakataa pesa.

Tangu siku hiyo kuna filamu ambazo siwaonyeshi watoto wadogo kabisa, na sioni haja ya kulizungusha jambo hilo kwa nadharia. Wenye filamu wenyewe wamejaribu njia mbalimbali: mwaka 2005, katika mkusanyo wa DVD wa Tom na Jerry, walimweka mwigizaji mweusi Whoopi Goldberg mwanzoni awaeleze watazamaji kwamba taswira hizo zilikuwa mbaya wakati ule na ni mbaya leo, ila kuzifuta ni kudai kwamba hazikuwahi kuwepo; hata hivyo, katika mkusanyo uliofuata, filamu mbili, ya mwaka 1948 na ya 1951, zenye mizaha mirefu ya nyuso zilizopakwa weusi, ziliachwa nje. Mwaka 2014 Amazon nayo ikaweka onyo la maandishi. Nayaheshimu maonyo hayo, lakini yaliandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayesoma Kiingereza akiwa peke yake kitini. Mtoto wa darasa la nne aliyeketi sakafuni kati ya wenzake sitini hatalindwa na aya moja inayopita kabla katuni haijaanza.

Miguu ya Mama Mwenye Nyumba, kwa upande mwingine, niliamua kuirudisha, kwa njia ambayo Mama Mdogo angeikubali. Nilichagua vipande ambavyo anaonekana, nikazima sauti kabisa, nikawaambia watoto kwamba huyu mama alisemewa na mwigizaji aitwaye Lillian Randolph, kwamba waliomchora hawakumpa uso, na kwamba leo kazi hiyo ni yetu. Kwanza walimpa sauti, wakipokezana. Msichana wa vitumbua, aliyekuwa amerudi, alisema maneno yote ya kumkemea paka kwa sauti ya mama yake, mpaka na ule mguno wa mwisho, na darasa likacheka kwa namna nyingine. Kisha nikagawa karatasi na penseli za rangi. Nyuso zilizotoka zilikuwa za mama zao, za shangazi, za mwalimu mkuu mmoja hivi. Zilikuwa na vilemba, na mapengo, na miwani, na moja ilikuwa na alama ya kuungua shavuni ambayo mchoraji alikataa kuieleza.

Nilizipeleka Mbagala kwa Mama Mdogo, ambaye sasa amestaafu na macho yake yamepungua nguvu. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akazipanga karatasi kitandani moja baada ya nyingine kama mtu anayeanika dagaa.

"Wamejitahidi," akasema. "Lakini mbona wote wamemchora amesimama?"

Sikuwa na jibu, ila nilikumbuka kwamba ipo filamu moja, iliyotoka Januari 1950, ambayo mwanamke yule anatoka nyumbani Jumamosi jioni kwenda kucheza karata na wenzake. Paka anawaalika rafiki zake wapige muziki, panya anakosa usingizi, anampigia simu mama huko aliko, naye anakatisha mchezo na kukimbia kurudi. Katika mbio hizo, kwa muda usiofika hata sekunde moja, uso wake unaonekana. Filamu hiyo nayo ilirekebishwa miaka ya 1960, jioni ile ikapewa msichana mweupe mwembamba aendaye kucheza dansi, lakini mimi nilikuwa na ile ya awali kwenye simu. Nikaitafuta, nikaisimamisha kwenye uso, nikamsogezea.

Mama Mdogo aliutazama kidogo tu.

"Rudisha nyuma," akasema. "Pale anapotoka nyumbani."